Tutazame Wapi?

Ilikuwa saa saba na kitu usiku. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya spika za kushoto, tochi mdomoni, nikikaza waya uliokuwa umelegea na kuifanya besi ikohoe. Moshi wa mashine ulikuwa umetanda usawa wa vifua. Kijana mmoja, nadhani hajafika miaka 22, akanigusa bega kwa adabu, akainama hadi sikioni.

"Samahani kaka. Tutazame wapi?"

Nilidhani muziki umemeza neno. Nikamfanyia ishara arudie.

"Dijei simwoni. Tutazame wapi?"

"Popote," nikamjibu, nikarudi kwenye waya wangu.

Nilipoinuka alikwisha kuondoka. Wiki sita zimepita na swali lake bado limeniganda. Nimeulizwa mengi ukumbini kwa miaka niliyobeba spika: choo kiko wapi, maji yako wapi, ule wimbo wa mwanzo ulikuwa wa nani. Hili la kutazama wapi sikuwahi kuulizwa na mtu.

## Taa nyekundu

Usiku ule tulikuwa tumefanya jambo tulilolijadili kwa muda mrefu. Sisi ni watu watano tunaoandaa usiku wa tekno na house, muziki wa dansi wa kielektroniki, mambo ya chini kwa chini, bila mabango makubwa wala majina makubwa. Tuliamua kumshusha dijei jukwaani. Tukaiweka meza yake sakafuni, kwenye kona, nyuma ya nguzo, na taa ndogo tu ya kumwezesha kuona miksa, ile mashine ya kuunganishia nyimbo. Spika tukazisimamisha pembe nne za ukumbi, zote zikielekea katikati. Tulitaka muziki uwazunguke watu badala ya kurushwa kwao kutoka mbele.

Nilitarajia watu wageukiane.

Hawakugeukiana. Kwa karibu dakika arobaini walizungukazunguka kama wageni waliofika nyumbani kwa mtu na kumkosa mwenyeji. Kisha, polepole, bila yeyote kuamua, walianza kuelekea upande mmoja. Niliposimama juu ya kreti ili nione vizuri, nikatambua wanachokitazama. Ilikuwa taa nyekundu ya mlango wa dharura. Ndiyo pekee iliyokuwa iking'aa. Watu hamsini hivi walikuwa wameikabili, wamesimama bega kwa bega, wakitikisa vichwa, kana kwamba mlango ndio unaopiga muziki.

Niliumia kuiona ile picha. Ningependa kusema nilielewa papo hapo. Nilichofanya ni kukasirika.

## Lawama ya kwanza

Hasira yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye simu, na sidhani kama niko peke yangu. Anayepanga nyaya huona mambo ambayo mchezaji haoni, kwa sababu tunakaa pembeni na tunatazama usiku mzima. Nimeliona tukio hili mara nyingi mno: dijei anaiondoa besi, watu wanajua itarudi, na kabla haijarudi mikono imeshapanda juu, kila mkono na kioo chake. Besi inarudi kwa kishindo. Hakuna anayecheza.

Sababu ni ya kimwili kabisa. Anayerekodi hawezi kucheza, maana picha itatikisika. Kwa hiyo anasimama tuli. Aliye nyuma yake sasa ana kioo kinachong'aa mbele ya uso, naye anasimama. Utulivu unaambukiza kama miayo. Tena macho ya binadamu yanahitaji dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza sawasawa, na kioo kimoja kikiwashwa karibu nawe, kazi yote hiyo inaanza upya.

Kwa hiyo mwaka jana tuliiga utaratibu unaojulikana sana kutoka Berghain, klabu ya Berlin iliyofunguliwa mwaka 2004: ukiingia, kamera ya simu yako inabandikwa stika. Tukaweka mtu mlangoni na karatasi za stika za kijani. Watu walikubali bila ubishi. Mikono haikupanda tena.

Lakini nyuso zilibaki palepale. Walisimama kama walivyosimama zamani, wote mbele, mikono sasa ikiwa mifukoni au imekumbatia chupa ya maji. Tulikuwa tumewaondolea kamera bila kuwapa chochote cha kufanya mahali pake.

Hapo ndipo nilipaswa kuanza kushuku maelezo yangu. Sikushuku. Ilibidi yule kijana aje aulize.

## Meza ilipokuwa pembeni

Nimetumia sehemu kubwa ya wiki hizi sita kujikumbusha mambo niliyokuwa nayajua lakini sikuwa nimeyapanga pamoja.

Tarehe 14 Februari 1970, David Mancuso aliwaalika watu nyumbani kwake New York, kwenye mahali palipokuja kuitwa The Loft. Aliingia mwenye mwaliko. Pombe haikuuzwa. Baadaye Mancuso aliacha hata kuunganisha nyimbo. Aliipiga santuri kutoka mwanzo hadi mwisho, akaacha kimya kipite, akaweka nyingine. Hakupenda kuitwa dijei. Alijiona mwenyeji anayewawekea wageni wake muziki. Ukiwa nyumbani kwa mtu, humtazami mwenyeji usiku kucha. Unazungumza na wageni wenzako.

Miaka saba baadaye, mwaka 1977, dijei Frankie Knuckles alianza kupiga muziki kwenye klabu ya Warehouse kule Chicago, na inaaminika jina la muziki wa house lilitokana na jengo hilo. Mwaka huohuo dijei mwingine, Larry Levan, alianza kazi kwenye klabu ya Paradise Garage, New York, akaendelea hadi ilipofungwa mwaka 1987. Nako pombe haikuuzwa, na usiku mzima, hadi jua likachomoza na kupanda, mara nyingi ulikuwa wa mtu mmoja. Mwaka 1991 Berlin ikapata klabu ya Tresor, ndani ya vyumba vya chini vya kuhifadhia fedha vya duka kubwa la zamani, vyuma vya kizuizi na visanduku vyenye kutu vikiwa bado ukutani. Kwenye moshi wa mahali kama pale hukumwona hata jirani yako, sembuse mpiga muziki.

Hata serikali ilipoingilia, iliuona umati. Uingereza ilipotunga sheria yake ya mwaka 1994 dhidi ya mikusanyiko ya namna hii, ilianza kwa kuhesabu watu, 100 au zaidi, usiku, mahali pa wazi, kisha ikaueleza muziki wenyewe kuwa ni mfululizo wa midundo inayojirudia. Jina la dijei halikuwa na uzito wowote katika maelezo hayo.

Nimekuwa nikilifikiria pia neno letu wenyewe. Ngoma kwa Kiswahili ni kile chombo, ni uchezaji wake, na ni shughuli nzima watu wanapokusanyika. Vyote vitatu kwa neno moja. Mtu akiulizwa alikokuwa usiku anasema alikuwa ngomani. Yaani ndani yake. Sijui lugha ingewezaje kulieleza vizuri zaidi lile ninalolitafuta ukumbini kila mara tunapozima taa.

## Kisha meza ikapanda

Haikupanda siku moja. Katika miaka ya 1990 majina ya madijei yalianza kuandikwa makubwa kwenye matangazo, makubwa kuliko jina la ukumbi. Jina likiwa kubwa, aliyelipa kiingilio anataka kumwona mwenye jina. Akitaka kumwona, lazima awekwe juu. Akiwekwa juu, lazima amulikwe. Taa ikimmulika yeye, nyinyi wengine mmebaki gizani mkielekea mwanga, kama wadudu na kandili.

Mwaka 2010, London, watu fulani walibandika kamera ya kompyuta ukutani kwa utepe wakaanza kurusha muziki moja kwa moja kwenye intaneti. Ndio mwanzo wa Boiler Room. Dijei aliikabili kamera, na wachezaji wakawa nyuma yake. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na nimejifunza muziki mwingi sana kwa video zile. Lakini ziliweka mahali pa tatu ambapo hapakuwapo. Zamani kulikuwa na anayepiga na anayecheza. Sasa kukawa na asiyekuwapo, naye ndiye aliyegeuziwa uso.

Halafu ukaja mwaka 2020, kumbi zikafungwa kila mahali. Aliyetimiza miaka kumi na minane wakati huo hakuingia ukumbini na kaka yake, wala hakuona mtu mzima akicheza karibu na spika macho yamefumbwa. Aliujifunza usiku huu kwenye kioo. Na kwenye kioo kuna upande mmoja tu: mbele.

Kwa hiyo kijana yule aliuliza swali sahihi. Kila alichofunzwa kuhusu usiku wa namna hii kilimwambia kuna mahali pa kutazama, na sisi tulikuwa tumepaondoa bila kumwambia.

Muziki nao umejipanga kulingana na jambo hilo, na hapa naongea kama fundi. House kwa kawaida hutembea kati ya midundo 120 na 128 kwa dakika. Tekno ngumu inayopendwa sasa huvuka 145 bila shida. Mbio peke yake si kosa. Nimeshacheza muziki wa kasi nikafurahi. Kinachonisumbua ni subira iliyopotea. Dijei mwenye saa sita anaweza kutumia saa nzima kuujenga ukumbi. Mwenye dakika sitini, wa nne kwenye orodha ya watu saba, anaanza pale mwenzake alipoishia, kileleni. Kwenye miksa nayaona mataa mekundu, yale ya kuonya kwamba sauti imefika ukomo, yamejaa kufikia saa tano usiku. Umati unaosubiri kishindo kila dakika mbili hauna muda wa kugeuka na kumwona mtu mwingine.

## Mikono

Haya yote niliyapanga vizuri kichwani, nikayapenda. Kisha nikamsimulia dada mmoja ambaye tumejuana naye kwenye sakafu hizi kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Tulikuwa tunapakia spika kwenye gari, alfajiri, usiku mwingine. Nikamweleza habari za giza la zamani, jinsi watu walivyopotelea ndani yake, jinsi hakuna aliyemtazama mwenzake kwa kumpima.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema:

"Wewe unalikumbuka giza. Mimi naikumbuka mikono."

Sikuwa na la kujibu.

Akaendelea bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema kwa miaka mingi alicheza viwiko vikiwa nje. Alijifunza kukaa karibu na ukuta ili mgongo wake uwe salama. Alijua kumbi kwa kona zake: pale huendi peke yako, pale usisimame baada ya saa nane. Alisema katika zile nyakati ninazozililia, mtu alimshika, akageuka, na gizani zilikuwapo nyuso sita ambazo zote zilikuwa zikicheza. Yeye ndiye aliyerudi nyumbani mapema. Mimi siku ile nilibaki hadi asubuhi na bila shaka niliuita usiku mzuri.

"Hawa wadogo unaowalalamikia," akasema, "wakimwona msichana amebanwa, watatu wanakwenda kusimama kati yao. Nimeona kwa macho yangu. Wanaulizana kabla ya kusogeleana. Simu unayoichukia ndiyo inayomwambia mwenzake yuko wapi. Wewe unaona wametazama mbele tu, kwa sababu na wewe unatazama upande mmoja."

Tulimaliza kupakia kimya kimya.

Nimelirudia hilo mara nyingi kuliko hata swali la kijana. Waliozijaza Warehouse na The Loft hapo mwanzo walikuwa kwa sehemu kubwa watu Weusi, Walatino na mashoga, watu waliofukuzwa au kudhalilishwa kwenye kumbi nyingine. Giza lilikuwa ngao yao. Picha moja iliyofika kwa mwajiri au kwa jamaa ingeweza kumgharimu mtu kazi au familia. Kwa hiyo kutopiga picha hakukuanza kama namna ya kupamba usiku, na wala hakukuwa sheria ya kuwafundisha vijana adabu, kama nilivyokuwa nikiitumia mimi na stika zangu za kijani. Ilikuwa ni kumlinda mtu. Nami nilikuwa nimeichukua ngao, nikaisahau kazi yake, nikabaki naisifu rangi.

Giza lilelile lililomficha aliyehitaji kufichwa lilimficha pia mwenye mikono.

Sijui niliwezaje kulisahau hilo. Pengine sikulisahau; pengine halikuwahi kunigusa.

## Baada ya saa nane

Kuna sehemu ya usiku ule sijaisimulia.

Theluthi moja ya watu waliondoka kabla ya saa nane. Sitaki kulificha. Mmoja wetu, anayeshika fedha, alinionyesha daftari siku iliyofuata na akasema wazi kwamba watu hulipia kuona, na tukiwanyima cha kuona tutapiga muziki kwa ajili ya nguzo. Ni mtu ninayemheshimu na hesabu zake ni za kweli. Bado tunabishana naye.

Lakini waliobaki walibadilika. Ilianza karibu na spika za nyuma kulia. Mama mmoja, mtu mzima kuliko karibu wote mle, alikuwa akicheza akiwa ameipa mgongo ile taa nyekundu. Sidhani alikusudia lolote. Alikuwa tu ameifuata besi, na besi upande ule inakaa vizuri kwa sababu ya pembe ya ukuta. Kwa kuwa alikuwa amegeuka, waliokuwa wakiielekea taa walijikuta wanauona uso wake. Uso unaocheza ni vigumu kuuacha. Wawili wakageuka kidogo. Halafu mmoja akasogea akasimama upande wake. Baada ya muda, mstari ulikuwa umepinda. Hadi saa tisa haukuwa mstari tena.

Dijei, nyuma ya nguzo yake, alikuwa haoni lolote kati ya hayo, lakini aliyasikia. Niliona ameacha kukata besi. Aliuachia wimbo mmoja uende dakika tisa.

Kijana wangu alikuwamo. Nilimtambua kwa koti. Alikuwa akilivua, akamkabidhi mtu ambaye nina hakika hakuja naye, akaingia katikati. Hakuwa akitazama popote hasa.

Nilitaka kwenda kumwambia, unaona? Nashukuru sikwenda. Jibu langu la saa saba lilikuwa la uvivu. Mtu ameuliza kwa uaminifu jinsi ya kuwa mahali, na mimi nilimtupia neno moja juu ya bega. Aliyemjibu ni yule mama, bila hata kufungua mdomo, na ilimchukua saa mbili.

## Utepe

Usiku wetu unaofuata ni Ijumaa ijayo. Dijei atabaki sakafuni. Kura zilikuwa tatu kwa mbili. Stika tumezibakiza, ila mtu wa mlangoni ameagizwa aseme sababu yake kwa sentensi moja kila anapobandika, na aongeze kwamba simu yenyewe ni yako, itumie kumjulisha mwenzako uliko. Watu wawili watavaa vitambaa vyeupe mkononi na watazunguka ukumbini usiku kucha, na hawatakuwa mabaunsa.

Kilichobaki ni mwanga. Nilikuwa nimepanga taa ndogo nne za rangi ya kaharabu, moja chini ya kila rundo la spika, usawa wa magoti, ili nyuso zionekane bila kuua giza. Nilijivunia mpango huo. Nilimwomba yule dada aje auone kabla sijachimba tundu lolote ukutani.

Alikuja jana saa kumi jioni. Ukumbi mtupu mchana ni kitu cha kusikitisha kidogo: sakafu ina michirizi, na nguzo inaonekana fupi. Hakuuliza taa zitakaa wapi. Alichukua utepe mweupe mezani kwangu, akaanza kutembea taratibu ukutani, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Alisimama karibu na ngazi za kwenda vyooni, akabandika kipande.

"Hapa," akasema.

Akaenda nyuma ya nguzo. "Na hapa."

Nilimfuata nikishika mkasi. Hakunisimulia kilichotokea katika sehemu yoyote kati ya hizo, nami sikuuliza. Hakuna hata moja iliyokuwa chini ya spika.

Tumebandika utepe mahali saba. Taa ninazo nne. Tangu asubuhi nimewapigia simu watu wawili wanaokodisha taa, na mmoja amesema nimrudie Alhamisi.